Mita Sita

Wawira alinipigia simu nikiwa nimepiga magoti mbele ya msichana wa kidato cha kwanza, nikimpima sketi. Wawira hakuzungusha maneno. "Auntie Kendi," alisema, "Baba amepumzika." Kisha akanitajia siku ya mazishi na kunieleza njia ya kufika kwao, kana kwamba sikuwa nimeipita miaka nenda miaka rudi. Nilimaliza kumpima yule msichana, nikaandika vipimo vyake, na alipotoka nikaona nimeandika kiuno mahali pa urefu. Duka langu la sare liko Kaaga, Meru, katikati ya shule, na shule zikifunguliwa mtu hana nafasi ya kuomboleza. Wazazi walikuwa wamesimama hadi barabarani. Niliwahudumia wote. Siku ya mazishi nilifunga duka alfajiri, nikateremka hadi Mbeere, upande wa Ishiara, kumzika Mzee Ireri, dereva, ambaye nilifanya naye kazi mwaka mmoja tu wa ujana wangu, na ambaye nilimficha jambo moja tangu mwaka huo hadi alipokata roho.

Kwenye kile kijitabu cha mazishi chenye picha zake, mwaka ule ulikuwa umepewa mstari mmoja: kwamba marehemu aliwahi kuendesha malori makubwa huko Embu kabla ya kurudi nyumbani kulima. Niliusoma mstari huo mara kadhaa nikiwa nimekaa chini ya hema, joto la Mbeere likipenya turubai, wajukuu wake wakipitisha maji. Hapakuwa na uongo ndani yake. Alirudi nyumbani kulima, ni kweli. Lakini mtu harudi nyumbani hivi hivi akiwa na kazi anayoipenda na nguvu zake zote. Kuna kinachomrudisha, na mimi nilikijua, na chini ya lile hema lote hapakuwa na mwingine aliyekijua.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na cheti cha upimaji wa barabara kilichokuwa kimekaa ndani ya bahasha mpaka bahasha ikabadilika rangi. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa ndogo, ya pale Embu mjini. Ilikuwa na malori mawili na trela moja ndefu ya chini, ile madereva huiita lobedi, ya kubebea vitu ambavyo lori la kawaida haliwezi: matingatinga, matangi ya maji, mashine za viwandani. Mwenyewe aliitwa Bwana Mugendi. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mzee wa kanisa, na hakuna safari iliyoanza kabla hajasimama uani akaiombea. Ninalisema hili mapema kwa sababu nitakayoyasimulia yatamfanya aonekane mtu mbaya, na hakuwa. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja kilichonuka grisi na chai ya maziwa, na ukutani palikuwa na ramani ya barabara ya kutoka Embu kupitia Runyenjes hadi Meru, imechakaa pale vidole vilipoigusa sana. Kazi yangu ilikuwa kuutangulia mzigo. Siku chache kabla ya lobedi kutoka, nilipita njia yote nikipima upana wa barabara kwenye kila daraja, kila kalvati na kila kona, nikaandika ripoti, na kwa ripoti hiyo kampuni ikaomba kibali cha kupitisha mzigo mpana.

Chuoni nilifundishwa kwamba leni moja ya barabara kama ile ina mita tatu, na barabara nzima sita. Kazi yenyewe nilifundishwa na Ireri. Siku ya kwanza alinisimamisha pembeni mwa lami, nje kidogo ya Runyenjes, akaniuliza naona mita ngapi. Nikasema sita. Akaniambia nipime. Zilikuwa tano na nusu. Ukingo wa lami ulikuwa umeliwa na mvua na magurudumu kama mkate ulioachiwa panya. "Sita ni ya siku ile ilijengwa," aliniambia. "Wewe pima ya leo." Akanifundisha pia habari ya mkia. Kichwa cha lori kikishapita kona, alisema, watu hudhani kona imepitwa, lakini trela haifuati nyayo za kichwa. Hukata kwa ndani, kama watoto wanaotoka shule wanavyokata shamba la mtu. Kwa hiyo mzigo uliopimwa uani ukiwa na upana fulani, kwenye kona huwa mpana zaidi, na dereva asipoachiwa nafasi ya kutanua kichwa upande wa pili, mkia utakwangua ukuta. Alikuwa mtu mfupi, mtulivu, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, na alipokuwa akieleza mambo haya alichora chini kwa kijiti, akifuta na kuchora tena, mpaka akaona usoni mwangu kwamba nimeelewa. Nilimwita Baba Wawira, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa bado anatambaa.

Aliyeshika ncha ya pili ya tepu alikuwa Muthoni. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa nyuma. Kila mzigo mpana ulitembea na pikapu mbili, moja mbele, moja nyuma, na mimi nilikaa ya mbele na kibendera chekundu, yeye ya nyuma na chake, na kati yetu Ireri na mzigo wake uliofungwa vitambaa vyekundu kwenye pembe. Muthoni alikuwa amenizidi miaka kama kumi na miwili, mwenyeji wa Runyenjes, na watoto wake wawili walilelewa na mama yake huko Kyeni. Nilikosa chumba cha kupanga, akaniambia nihamie kwake. Chumba kilikuwa nyuma ya bucha, kwa hiyo tuliamshwa na shoka likipasua mifupa, na kwa sababu hiyo pia hatukukosa supu, maana mwenye bucha alimwekea mifupa iliyobaki. Vitanda viwili, pazia katikati, jiko la makaa mlangoni, kalenda ya chama cha kahawa ya mwaka uliopita ambayo hakutaka kuitoa kwa sababu ya picha yake. Jioni alichemsha ndizi mbichi na maharagwe, akaziponda pamoja huku akinisimulia watu wa pale mjini, mmoja mmoja, na kunicheka nilivyotamka Kiembu kwa ulimi wa Kimeru. Kwa kawaida tulizungumza Kiswahili, lugha isiyokuwa ya kwao wala ya kwetu, ili pasiwe na mgeni. Nimekula vyakula vingi tangu wakati huo na kulala vyumba vizuri kuliko kile. Sijui kama nimewahi tena kulala usingizi wa namna ile, wa mtu anayejua kesho anafanya nini na kwamba anakifanya vizuri.

Maana tulikifanya vizuri, hilo lazima niliseme. Miezi minane ya kwanza tulipeleka matangi ya shule, tukapeleka tingatinga Ishiara, tukapeleka vyuma vya kujengea banda la maua upande wa Meru, na hakuna aliyepata hata mkwaruzo. Tulitembea mchana tu, mwendo wa mtu anayekimbia pole pole. Pale ripoti yangu iliposema pembamba, tulifunga barabara, mimi juu, Muthoni chini, magari yakasimama pande zote mbili mpaka Ireri apite. Watu walitutukana, Muthoni akiwajibu kwa vicheko. Ireri akishapita alipiga honi mara moja, fupi, na hapo ndipo tulipoyaachia magari. Nilijiona mtu muhimu duniani.

Kisha likaja boila. Kiwanda kimoja cha majani chai upande wa juu wa Meru kilikuwa kimenunua boila jipya, tangi kubwa la chuma la kuchemshia maji, na Bwana Mugendi alikuwa amepata kazi ya kulipeleka. Likiwa juu ya lobedi lilikuwa na upana wa mita tatu na nusu. Habari za namna litakavyopelekwa hatukuambiwa, tulizisikia. Mimi na Muthoni tulikuwa tukila githeri kwenye hoteli moja ya mbao pale Runyenjes, na upande wa pili wa ukuta, kwenye chumba cha nyuma walikokaa wakubwa, tukasikia sauti ya Bwana Mugendi ikimweleza Ireri kwamba pikapu moja imepata kazi nyingine wiki ile ile na safari hii itatosha ya mbele peke yake. Ireri akasema kwamba gari la nyuma si pambo. Bwana Mugendi akajibu kwamba anayekuja nyuma anauona mzigo mwenyewe, hakuna haja ya kumwonyesha. "Si huyo anayekuja," Ireri alisema. "Ni mimi. Mkia wangu mimi siuoni. Muthoni ndiye macho yangu." Baada ya hapo wakashusha sauti. Muthoni aliacha kutafuna, akasikiliza, kisha akaendelea kula. Alisema basi atatembea kwa miguu, kwani kuna nini, mwendo wenyewe ni wa kobe.

Wiki hiyo tulipima njia. Kuna bonde baada ya Runyenjes ambapo barabara hushuka, huvuka mto, kisha hupanda kwa kona kadhaa. Sitalitaja jina lake, wenyeji watalijua. Kwenye kona ya tatu ya mpando, mkono wa kushoto kuna ukuta wa udongo uliochongwa mlimani na mtaro chini yake, na mkono wa kulia ni bonde tupu. Muthoni alisimama upande wa ukuta, mimi nikasimama upande wa bonde, tukavuta tepu. Mita tano na kidogo. Upande wangu lami ilikuwa imemomonyoka karibu mita nzima. Tulipima mara tatu. Hesabu yake ilikuwa rahisi hata kwa mtu asiyesoma: ukitoa boila, inabaki mita moja na nusu, na hakuna gari lolote la kupita hapo. Hata pasipo gari la pili, Ireri angehitaji barabara yote ili atanue kichwa na kuuepusha mkia na ule ukuta. Nikaandika kwenye daftari kwamba kona ifungwe kabisa, pande zote mbili, na magari yote yasimamishwe. Muthoni alikuwa akikunja tepu. Aliutazama ule mtaro, akasema hapa mahali mtu asimwache mtoto acheze.

Bwana Mugendi aliisoma ripoti mbele yangu, polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye ile kona akavua miwani. Alinieleza, kwa upole wake ule ule, kwamba kuifunga barabara kuu kabisa ni kibali kingine, kwa ofisi nyingine, na majibu yake huchukua wiki nyingi, na kiwanda kimeshasema kikichelewa kitatafuta kampuni kubwa ya Nairobi. Kibali alichokuwa nacho kiliruhusu magari madogo yapishane na mzigo mahali popote penye mita sita.

"Hiyo barabara ilijengwa ya mita ngapi?" aliniuliza.

"Sita, Mzee. Lakini siku hizi haiko sita."

"Nimeuliza ilijengwa ngapi."

"Sita."

"Basi andika hivyo. Siku yenyewe wewe utakuwa hapo mbele na kibendera chako. Ni nani atakukataza kusimamisha watu?"

Akaongeza, akitazama dirishani, kwamba barua yangu ya kuajiriwa kabisa ilikuwa mezani ikingoja tu sahihi. Nimeirudia ile asubuhi mara nyingi nikitafuta pale nilipolazimishwa, na sipaoni. Alinipa karatasi safi na kalamu, akatoka kwenda kuwasalimia makanika. Ningeweza kuikalia ile karatasi. Nilijiambia kwamba namba haina kazi, kwamba kinachozuia gari ni mtu aliyesimama barabarani, na mtu huyo ni mimi. Nitaandika sita na nitaifunga kona kama ya tano. Niliona ni ujanja. Nikaandika sita kwa mwandiko mzuri, nikatia sahihi. Jioni hiyo Muthoni aliniuliza kama kona ile tunaifunga, nikamjibu kwamba tunaifunga, na sikuwa nikimdanganya. Hakuuliza ripoti imesema nini. Hakuna siku aliyowahi kuuliza.

Siku ya safari kulikuwa na ukungu, na mvua ya usiku ilikuwa imeteremsha tope kutoka mashambani hadi barabarani, likatandaza rangi moja juu ya lami na pembeni pake. Bwana Mugendi aliomba. Ireri alizunguka mzigo akigonga kila mnyororo kwa nyundo, na alipofika kwangu akaniuliza ile kona ya tatu nilipata ngapi. Muthoni alikuwa nyuma ya trela akifunga kitambaa. Ningeweza kumwambia. Lakini yule afisa wa polisi tuliyepewa kusindikiza mzigo alikuwa amesimama karibu yangu na ripoti mkononi, na Bwana Mugendi alikuwa mlangoni mwa ofisi.

"Sita," nilisema.

Ireri akaitikia kwa kichwa, akasema kumbe walishaitengeneza, vizuri.

Tulivuka mto kama saa tano. Nilishuka kwenye pikapu juu ya kona ya tatu, nikasimama katikati ya barabara na kibendera, nikasimamisha magari yaliyokuwa yakiteremka. Yalikuwa manne, kisha tisa, kisha sikuyahesabu tena. Wakaanza kupiga honi. La kwanza lilikuwa pikapu ndogo ya madebe ya maziwa, na dereva wake aliteremka akaja kulalamika kwa afisa kwamba maziwa yanaharibika. Afisa akafungua ile ripoti, akaiweka mbele ya macho yangu, kidole chake kikiwa kwenye mstari. Alisema hapa pameandikwa mita sita, gari dogo linapita, na mwandiko ni wa ofisi yenu. Mbona ninawachelewesha watu? Nilitazama ule mwandiko. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, kwamba si kweli, na kama ningeyasema kibali chote kingekuwa cha uongo, na mimi mwongo, mbele ya watu wote wale. Nadhani ilinichukua muda wa kuvuta pumzi mbili. Nikashusha kibendera.

Pikapu iliteremka ikaingia kwenye kona. Yaliyotokea pale nilielezwa baadaye, kwa sababu nilipokuwa nimesimama nilikiona kichwa cha lori peke yake. Ireri alikuwa ametanua kulia kama inavyotakiwa. Akaiona pikapu mbele yake, na kulia kwake hapakuwa na barabara, palikuwa na tope juu ya hewa. Alifanya jambo ambalo dereva yeyote angelifanya: akarudi kushoto kumpisha mwenzake. Mkia ukakata kwa ndani. Muthoni, kwa vile hakuwa na gari wala redio, alikuwa amepita upande wa kushoto wa trela ili Ireri amwone kwenye kioo, maana pasipo gari la nyuma hapakuwa na njia nyingine ya kumwonyesha ishara. Alikuwa akitembea kwenye mtaro, kati ya boila na ukuta wa udongo.

Sikusikia sauti yoyote yake. Nilisikia lori likisimama. Pikapu ya maziwa ilikuwa imeshapenya ukingoni, ikiendelea kushuka. Dereva wake hakujua kitu. Nilipokimbilia kwenye kona nikamwona Ireri ameshuka, injini ikinguruma, anatembea kuelekea nyuma akiwa ameshika kofia yake mkononi. Kisha akaketi ndani ya maji ya mtaro. Hakutaka nifike pale. Aliinua mkono akanizuia, na nikazuilika.

Bwana Mugendi alilia kwenye mazishi ya Muthoni, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Nilikaa katika chumba cha nyuma ya bucha wiki moja zaidi, mpaka mama yake Muthoni alipokuja kutoka Kyeni kuchukua vitu. Alikunja pazia na matandiko, akachukua jiko na masufuria, akaniuliza kama kalenda ilikuwa yangu. Nikasema ni ya Muthoni. Akaitoa ukutani, akaikunja pia. Kabla ya mwezi kwisha, watu wa barabara walikuja wakajaza ule ukingo mawe na lami mpya, na kona ikawa na mita sita kweli. Mahakama ilipokwenda kuitazama, ilipima sita.

Ireri ndiye aliyeshtakiwa, kwa kuendesha bila uangalifu. Niliitwa kuwa shahidi, na niliulizwa mambo mawili tu. Kama ule ulikuwa mwandiko wangu. Nikasema ndiyo. Kama nilikuwa nimeandika mita sita. Nikasema ndiyo. Nikaambiwa nikae. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengine kama nitaulizwa, na sikuulizwa. Kisha Ireri akapanda kizimbani, akaeleza kwamba siku ile aliiona barabara ni ndogo, hapakuwa na mahali pa kwenda. Kiongozi wa mashtaka akamuuliza kama basi anataka kusema aliyepima ni mwongo. Ireri alinitafuta kwa macho kule nyuma nilikokaa. Alinitazama kama alivyonitazama siku zile za kijiti na mchoro.

"Huyo msichana nimemfundisha mwenyewe," alisema. "Hawezi kudanganya kipimo. Kama yeye ameandika sita, basi mimi ndiye nilikosa."

Nilikuwa mita nane kutoka kwake, pengine kumi. Benchi lilikuwa la mbao, miguu yangu ilikuwa mizima, na mdomo wangu ulikuwa mzima. Watu husema juu ya nyakati za namna ile kwamba kila kitu kilisimama. Hakuna kilichosimama. Karani aliendelea kuandika, mtu akakohoa, hakimu akageuza karatasi. Ireri alifungwa, akanyang'anywa leseni, na alipotoka hakurudi Embu. Mimi barua yangu ya kuajiriwa ilitiwa sahihi. Niliitumia miezi miwili, nikaacha, nikaenda Meru kujifunza kushona.

Nilianza kumtembelea alipotoka. Mwaka mmoja baada ya mwingine niliteremka Ishiara na sukari na kitambaa cha mama watoto, na kila mara nilikuwa nimepanga kusema. Walinipokea kama mtu wa nyumbani. Mama Wawira alinichinjia kuku, na Ireri alinionyesha mashamba yake. Hakuendesha tena hata pikipiki. Tulipotembea kwenda sokoni, lori likisikika kwa mbali alitoka barabarani kabisa, akasimama shambani mwa watu mpaka lipite, na mkewe alinifanyia ishara nisiulize. Aliniuliza kama bado napima, nikamjibu kwamba napima watoto wa shule, naye akacheka kidogo. Mara moja tu nilifungua mdomo. Tulikuwa jikoni, anachochea moto, nikasema, "Baba Wawira, kuna kitu kuhusu ile kona." Hakugeuka. Alisema niache, yeye alishakubali kosa lake na ameshaomba msamaha kwa Mungu na kwa mama yake Muthoni, na akaenda kuleta kuni ambazo hazikuhitajika. Niliuita ukimya wangu heshima, kwamba mtu ameshapata amani, nani mimi nimtikise. Lakini nakumbuka nilivyojisikia alipotoka na ule mlango ukajifunga. Nilijisikia mwepesi.

Mazishini, ibada ilipokaribia kwisha, mchungaji aliuliza kama yupo aliyefanya kazi na marehemu. Mama Wawira akanionyesha kwa kidole. Nilipewa kipaza sauti. Njia nzima kutoka Meru nilikuwa nimeipanga ile sentensi, fupi, isiyohitaji ufundi: kwamba kosa halikuwa lake. Jeneza lilikuwa mbele yangu, na mbele ya jeneza walikaa watoto wake na watoto wa watoto wake, wamevaa nguo safi, wakiningoja. Nikasema kwamba Mzee Ireri alikuwa mwangalifu barabarani, kwamba alinifundisha kazi, na kwamba Mungu amlaze mahali pema. Watu wakaitikia amina. Nikarudisha kipaza sauti.

Tulipomaliza kuzika, Wawira alinifuata nyuma ya jikoni, amebeba sinia la vikombe. Sasa ni mwanamke wa makamo, mwalimu, ana ufupi wa baba yake na utulivu wake. Alinishukuru kwa maneno yangu. Alisema baba yao alikuwa akiwafundisha kwa mfano wangu. Mtoto akidanganya nyumbani, aliambiwa habari za Kendi, ambaye alisema ukweli mahakamani hata kama ulimuumiza rafiki yake. Hapo nikamwambia. Nilimwambia yote, ile tano, ile karatasi safi, kibendera, benchi, na nilipoanza sikuweza kukoma hata nilipoona uso wake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuweka sinia chini.

"Miaka yote hiyo," alisema. "Ulikuja ukala hapa."

"Nilijaribu kumwambia."

"Alikuwa hapa, auntie. Hakuwa mbali."

Alisogeza katikati kikombe kilichokuwa ukingoni mwa sinia.

"Usimwambie Mama," alisema. "Tafadhali. Ilimchukua muda mrefu sana kumsamehe Baba kwa yule mama aliyekufa. Walilala vyumba viwili. Mimi nilikuwa mkubwa waliporudiana. Sasa umwambie kwamba hapakuwa na kitu cha kusamehe?"

Akaenda kuwapa wageni chai. Nilibaki pale mpaka Mama Wawira mwenyewe aliponitokea, anatembea kwa fimbo, amebeba mfuko wa ndengu za shamba la mumewe, mavuno yake ya mwisho. Aliniwekea mikononi. Alisema Baba Wawira alinipenda kama mtoto wake, na kwamba nisiache kuja kwa sababu hayupo, hapa ni kwetu. Niliupokea mfuko kwa mikono miwili, nikamwambia nitakuja. Wawira alikuwa amesimama hatua chache nyuma ya mama yake na sinia lake tupu. Hakunitazama.